Ukufi wa Isbel

Karatasi ameibandika ndani ya mlango wa kabati,
mwandiko umelalia upande mmoja
kama nyasi za kisiwa hiki cha Westray:
*Oti, ukufi mmoja, halafu mwingine.
Maziwa ya unga, nusu yake.
Asali kijiko. Mafuta ya lozi matone tu, hodhi lisiteleze.
Maji usiyaamini mpaka kiwiko kikubali.*

Hakuandika ukufi wa nani.

Mimi najenga kuta za mawe. Ukufi wangu ni koleo.
Mara ya kwanza nilichota kwa mkono huu,
nikazimwaga oti nzima nzima, bila kuzisaga,
na Merran akaketi ndani ya uji mpaka kifuani,
akauliza kama namletea kijiko.
Bomba likaziba. Tammas akaja na waya wake mrefu,
akavuta nje kiamshakinywa cha wiki nzima,
akacheka, akacheka,
kisha akaiona ile karatasi kabatini, akanyamaza.

Usiku namsikia kupitia ukuta:
kwaru, kwaru, kwaru.
Miaka sita, na kucha zake zinajua njia gizani.
Asubuhi shuka ina madoadoa
kama yai la ndege wa majabalini.
Ukurutu huu hakuurithi kwangu;
mimi mvua, chokaa na baridi vyote vimenipita.
Ni wa mama yake: nyuma ya goti, nyuma ya sikio,
kwenye kikunjo cha kiwiko, pale pale,
kana kwamba mtu alinakili ramani.
Isbel naye alilala na glavu nyeupe za pamba,
mafuta ndani yake, mikono juu ya blanketi,
nami nikimtania: nimeoa askari wa gwaride.

Leo jua limezama saa kumi kasorobo.
Nilifungua droo nikitafuta kitambaa cha kuchujia
nikaipata glavu. Moja. Ya kushoto.

Nikasaga oti kwenye kinu cha kahawa
hadi zikawa vumbi la kupiga chafya.
Nikajaribu kijiko kimoja kwenye glasi:
maji yakawa maziwa, machicha hayakubaki.
Nikaanza kuijaza glavu,
kidole gumba, cha shahada, cha kati,
cha pete nikakigongagonga mezani unga ushuke,
na ilipojaa hadi kwenye kifundo
nikaitia kiganjani mwangu kuipima.
Ilikuwa ndogo.
Miaka miwili hii nilikuwa nimemkuza.

Ukufi wa kwanza niliumwaga.
Wa pili sikuweza.
Niliufunga kwa uzi wa kufungia nyama
nikautia majini mzima mzima.

"Mkono wa nani?"
"Wa mama."
Akaufikiria. Akaugusa kwa kidole cha mguu kwanza.
Kisha akaushika, akauminya,
na mawingu yakatoka kwenye ncha za vidole.
Akaupeleka nyuma ya goti, polepole,
akaupeleka nyuma ya sikio. Sikumwelekeza.
"Unavuja, Baba."
"Ndiyo kazi yake."

Nilikaa juu ya kifuniko cha choo, macho kwenye saa.
Dakika kumi na tano; zikizidi, maji yenyewe huikausha ngozi.
Upepo ulikuwa unalisukuma dirisha kwa bega.
Aliniuliza kama konzi ya kichwani
na konzi ya sukari ni ndugu.
Nikasema ni mkono ule ule, inategemea umeamkaje.
Kisha taulo: kubonyeza, si kusugua.
Kisha mafuta, kabla ngozi haijasahau maji.

Sasa glavu inaning'inia juu ya jiko,
vidole vimekakamaa kwa oti,
inatona kwenye bati: to. To.
Nimesimama kwenye ukuta wa chumba chake.
Kwaru, mara moja.
Nangoja ya pili.

Kwa penseli yangu ya kazini, ile nene ya kuchorea mawe,
nimeongeza chini ya mwandiko wake:
*Saga kwanza.*